Anayekuachia Nafasi

Tangazo la kijana anayetafuta wenzake wa kupiga nao muziki halibadiliki sana, liwe limebandikwa kwenye ukuta wa chuo au limetumwa kwenye kundi la WhatsApp. Natafuta mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga dramu. Awe anapenda muziki ninaoupenda mimi. Awe na kiwango. Awe na nidhamu. Asiwe mtu wa mambo mengi. Ukilisoma taratibu utagundua kwamba mwenye tangazo anajitafuta mwenyewe. Anataka watu watatu wanaofanana naye, tofauti iwe chombo tu.

Nataka kulipinga tangazo hilo, na ushahidi wangu ni santuri. Bendi zilizotupa muziki bora katika ukanda huu, kuanzia Ziwa Victoria hadi Dar es Salaam na Nairobi, hazikujengwa na watu waliofanana. Zilijengwa na watu waliojua kuachiana nafasi. Na kuachiana nafasi hakuonekani kwenye usaili. Kunazaliwa kwenye saa nyingi za kupiga pamoja, na saa hizo zinahitaji chumba, umeme, vyombo na nauli. Ndiyo maana mji kama Musoma, ambao uliwahi kuwa na Mara Jazz na Musoma Jazz, leo una waimbaji wengi kuliko bendi.

Tuanzie nyumbani. Mkoa wa Mara una vinubi viwili vinavyojulikana sana: litungu la Wakurya, lenye sauti nzito inayotoka kama kifuani, na nyatiti ya Wajaluo wa Rorya. Mpiga nyatiti huketi chini kwenye kigoda, ala ikiwa mbele yake. Vidole vya mikono yote miwili vinadonoa nyuzi nane. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma ambayo anagongea ukingo wa ala. Mguuni ana njuga. Na juu ya yote hayo anaimba, anasifu, anaomboleza, anasema watu.

Huyo ni bendi nzima ndani ya mwili mmoja. Besi, solo, dramu na mwimbaji hawawezi kununiana, kwa sababu wanakula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Lakini hata hapo msikilize vizuri. Mdomo unapofunguka, vidole hupunguza maneno. Mdomo unapofungwa, vidole huchukua zamu na kusema kile ambacho mdomo umekiacha. Pete ya mguuni haipambi chochote, inashika njia ili wengine wasipotee. Fundi wa nyatiti anajulikana kwa jinsi sehemu zake zinavyopishana. Anayepiga kila kitu kwa nguvu muda wote huyo bado anajifunza.

Sasa mchukue mtu huyo umgawe vipande vinne au vitano, na kila kipande umpe mtu mwingine mwenye tumbo lake, deni lake na hasira zake. Hapo ndipo tatizo la bendi linapoanza. Nitatazama njia tatu ambazo wanamuziki wetu walilikabili.

Njia ya kwanza ni ya mtoto wa Mara. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Rorya. Alivuka mpaka kwenda Kenya, na katika miaka ya 1960 akaanzisha kundi ambalo baada ya kubadili majina lilikuja kujulikana kama Shirati Jazz. Alifariki kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu, Mei 2006. Kenya inamhesabu miongoni mwa wazee wa benga. Sisi wa upande huu wa mpaka tunasahau kwamba jina la bendi ile ni jina la mji wetu mdogo kando ya ziwa.

Sikiliza mkusanyiko wa Piny Ose Mer, uliotolewa Uingereza na GlobeStyle mwaka 1989, au Benga Blast! wa mwaka huohuo. Waimbaji wanatoa sentensi fupi. Kabla haijapoa, gitaa la solo linaijibu kwa juu, haraka, likidonoa noti mojamoja kama vidole vya mpiga nyatiti. Besi haikai nyuma kama mlinzi, inakimbia mbele na kusukuma wengine. Dramu ina kazi chache na inazifanya bila kujionyesha. Kilichokuwa ndani ya mwili mmoja kimegawanywa, na mipaka ya zamani imeheshimiwa: mdomo unafunguka, vidole vinasubiri, mdomo unafungwa, vidole vinasema.

Njia ya Misiani ya kupata wenzake ni hii: kichwa kimoja kinaijua kazi yote, na kila anayekuja anakuta kiti chake kimeshachongwa. Kwa miaka yote ile wapigaji wa Shirati Jazz walikuja na kuondoka, lakini ukisikia mlio unajua ni Shirati. Mgeni haulizwi anapenda nini. Anaonyeshwa pengo, na kazi yake ni kulijaza bila kumwagikia kwa jirani. Njia hii ina faida kubwa kwa mji mdogo, ambako huwezi kuchagua kati ya wapiga besi ishirini. Yupo mmoja, na yeye ndiye utakayemfundisha.

Gharama yake nayo ni kubwa. Nikisikiliza nyimbo nyingi za Misiani kwa mfululizo, kuna wakati natamani mtu mmoja ndani ya bendi ambishie. Mpiga besi asiseme ndiyo kila mara. Nyimbo zinafanana kwa sababu zimetoka katika fikra moja, na hakuna mwenzake mwenye mamlaka ya kumwambia kwamba huu tumeshaupiga. Kiti kikishachongwa sana, anayekikalia hawezi kujinyoosha.

Njia ya pili ni ya akina Kinyonga. Wilson na George Peter Kinyonga walikuwa ndugu wa Tanga, waliopitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nairobi, ambako walijenga Simba Wanyika. Huku wenzako umezaliwa nao. Huhitaji kutangaza. Mnajua mdogo wenu anakasirika vipi na kaka yenu anachoka saa ngapi. Wilson alipiga solo kwa utulivu wa mtu asiyeogopa kukatizwa, na nadhani utulivu huo ulitokana na undugu.

Lakini undugu haukutosha kujaza jukwaa. Akaja Omar Shabani kwenye gitaa la ridhimu, Tom Malanga kwenye besi, Rashid Juma kwenye dramu. Hawa hawakuwa ndugu kwa damu. Kwa kupiga pamoja usiku baada ya usiku waligeuka kuwa kitu kingine, kitu ambacho Kiswahili chetu cha muziki hakina jina lake maalumu: kundi dogo ndani ya kundi, watu watatu wanaopumua kwa zamu. Mwaka 1978 walitoka kwa pamoja, na wengine, wakaanzisha Les Wanyika.

Hapa ndipo tangazo la kijana wetu linapoumbuka. Ungeuliza mashabiki wa wakati ule bendi ni nani, wengi wangetaja mwimbaji na solo, yaani wale wanaoonekana. Waliohama na moyo wa bendi walikuwa wale wasiotajwa. Mpiga solo wakamkuta kwingine: John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa tayari akifanya muziki Kenya. Aliingia kwenye nyumba iliyokwisha kuwa na msingi, na akakaa kana kwamba aliijenga yeye.

Usikilize Sina Makosa kwa sikio hilo. Wimbo huu umepigwa kwenye harusi na baa za Afrika Mashariki kiasi kwamba tumeacha kuusikia. Jaribu kumsahau mwimbaji kwa dakika tatu na ufuate besi tu. Malanga hajazi kila pigo. Anasema maneno machache, ananyamaza, anasema tena. Katika ule ukimya wake ndipo ridhimu ya Shabani inapita, inazunguka kama mtu anayetwanga bila haraka. Mmoja akiongeza noti mbili tu, mwenzake anakosa njia. Na kwa kuwa njia ipo, Ngereza hana haja ya kupiga kelele ili asikike. Kila noti yake inatua mahali palipofagiliwa.

Kama wanamuziki hao wangechaguana kwa kulinganisha orodha za nyimbo wanazozipenda, sijui kama wangefika hapo. Mpiga besi anayenyamaza na mpiga ridhimu anayezunguka si watu wanaofanana. Wanapatana kama kinu na mchi wanavyopatana: umbo la mmoja ni tundu la mwingine. Watu wawili wenye tabia moja, kila mmoja akitaka kuongoza, ndio wale mafahali wasiokaa zizi moja, hata kama wanapenda muziki uleule na wamesoma shule moja.

Tusisahau pia kwamba Simba Wanyika haikufa. Ndugu wa Kinyonga walitafuta wengine na wakaendelea kurekodi katika miaka ya 1980. Kuvunjika kwa bendi kulizaa bendi. Lakini ilibidi waanze upya kazi ileile ya usiku baada ya usiku, kwa sababu mshikamano wa watu watatu haununuliwi dukani wala haurithiwi na jina lililoandikwa kwenye dramu.

Njia ya tatu ni ya usajili, na neno hilo nimelichukua kwenye mpira makusudi. Mwaka huohuo wa 1978, Dar es Salaam, Mlimani Park Orchestra iliundwa chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi. Baadhi ya wapigaji walitoka Dar International, akiwemo Abel Balthazar. Kutoka Juwata, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA, wakaja waimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka. Michael Enoch, mkongwe aliyepitia Dar Jazz, akawa mwalimu wa wengi ndani ya bendi.

Wangeitwa timu ya kununuliwa, na ndivyo walivyokuwa. Kwa nini basi ilifaa? Tazama Gurumo na Bitchuka walivyosafiri. Sauti ya Gurumo ni nzito, ya mzee anayekueleza jambo ambalo utalielewa kesho. Ya Bitchuka inapanda juu, nyembamba, yenye malalamiko ndani yake. Hazifanani hata kidogo, na ndiyo sababu hazigongani. Waliingia Mlimani wakitoka bendi moja. Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound ilipowavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani, wote wawili walikuwemo, pamoja na Balthazar. Mwajiri aliyejua anachonunua hakununua mwimbaji, alinunua jozi. Ni hesabu ileile ya Les Wanyika: kinachohama vizuri ni uhusiano kati ya watu, na kipaji cha mtu mmoja kikihama peke yake hufika kikiwa pungufu.

Kuna jambo jingine ambalo njia hii ya tatu inalifichua, nalo si la kimuziki. Bendi hizi zilikuwa na mwenyewe. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na zilikuwepo za polisi, magereza na jeshi. Mwanamuziki alikuwa na mshahara na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Tumezoea kuulalamikia mpango huo, na yapo ya kulalamikia: ukiacha kazi unaacha na gitaa, na nyimbo za kusifu zilikuwa sehemu ya ajira. Lakini mwajiri alinunua kitu ambacho kijana wa Musoma leo hana pa kukinunulia. Alinunua muda wa watu kumi kukaa chumba kimoja mchana wakifanya mazoezi, na usiku kadhaa kwa wiki wakipiga mbele ya watu. Kupatana kunakua katika muda huo. Mpiga besi hujifunza kunyamaza kwa kumsikia mwenzake akikosea mara hamsini, si kwa kuambiwa.

Kuna mlango mmoja ambao njia zote tatu ziliuacha umefungwa. Nikitaja wapigaji wa bendi hizi, nataja wanaume. Wanawake wachache waliopenya, kama Kida Waziri aliyeimba na Vijana Jazz katika miaka ya 1980, walipenya kwa sauti, si kwa gitaa wala besi. Kwa hiyo tunaposema bendi ilikuwa ya watu waliopatana, tukumbuke kwamba nusu ya watu hawakuwahi kujaribiwa. Ratiba ya kupiga hadi usiku wa manane, kulala njiani na kugawana mapato kaunta ilikwishawachuja kabla hawajagusa waya. Mtu anayetafuta wenzake leo na kuangalia palepale walipoangalia baba zetu ataambulia wanaume wachache waliobaki, kisha atalalamika kwamba mji hauna wapigaji.

Desemba 10, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, mtoto wa Butiama aliyekuwa Rais alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana. Julius Nyerere aliwashangaa wasomi waliokuwa hodari wa rumba na chachacha, akauliza ni wangapi wanaijua gombe sugu, au mangala, au lele mama. Swali hilo limerudiwa sana, mara nyingi kama fimbo ya kuwachapia vijana. Nadhani bendi zililijibu vizuri kuliko wizara. Mlimani Park ilichukua jina la mtindo wake, Sikinde, kwenye ngoma ya Wazaramo. Misiani alihamishia vidole vya nyatiti kwenye gitaa la umeme. Hawakuacha gitaa ili wawe Waafrika. Waliliuliza gitaa swali la ngoma: nani anaanza, nani anaitikia, nani ananyamaza?

Litungu bado halijaulizwa vya kutosha. Benga ilipata mlio wake kwa nyatiti, lakini ule uzito wa litungu, zile nyuzi zinazonguruma chini ya sauti ya mwimbaji, ungeweza kumfundisha mpiga besi wa Musoma, Bunda au Tarime mambo ambayo hatayapata kwenye video za mafunzo. Hapo kuna bendi ambayo haijazaliwa. Ili izaliwe, hahitajiki mtu anayependa litungu kama ninavyolipenda mimi. Anahitajika anayeweza kukaa karibu nalo bila kulifunika.

Ninajua jibu la kijana wa sasa, na ni jibu la haki. Ana kompyuta. Ndani yake kuna besi isiyochelewa mazoezi, dramu isiyolewa, solo isiyodai malipo. Amekuwa mpiga nyatiti mpya, bendi katika mwili mmoja. Na kazi nzuri zinatoka humo, sitadanganya. Lakini mpiga nyatiti wa kweli alibanwa na mwili wake: vidole kumi, mdomo mmoja, pumzi moja. Mwili ulimlazimisha kuacha nafasi. Kompyuta haimlazimishi. Inampa njia mia moja za sauti na kumwambia azijaze zote, naye anazijaza. Biti nyingi ninazosikia zikitoka kwenye studio za miji yetu hazina kosa hata moja, na hazina tundu hata moja la mtu mwingine kuingilia. Zimefungwa kama nyumba ya mtu anayeogopa wageni.

Mwitongo, pale Butiama, ndipo yalipo makazi na kaburi la Mwalimu. Katika lugha kadhaa za nchi za maziwa makuu, itongo ni mahali palipokuwa na mji wa watu, wakahama. Wapo wanaouzungumzia muziki wa dansi kwa namna hiyo, kama mahame ya kutembelea Jumapili kwa kipindi cha zilizopendwa. Siwezi kuungana nao. Itongo ni ardhi iliyokwisha kurutubishwa na waliokaa, na mkulima mwenye akili hulijua. Kilichobaki kwenye santuri zile ni zaidi ya kumbukumbu. Ni maelekezo ya kazi, na yanafuatika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una gitaa na unatafuta wenzako, lifute lile tangazo. Usimuulize mtu anapenda nani. Tafuta chumba kwanza, hata kama ni darasa tupu baada ya saa kumi jioni, na mkubaliane siku mbili za wiki zisizovunjwa. Muda huo uwe ule ambao dada mwenye besi anaweza kufika na kurudi kwao salama. Kisha pigeni wimbo mmoja mwepesi kwa nusu saa bila kusimama. Usisikilize anachopiga mwenzako. Sikiliza anafanya nini unapoanza kuimba. Akiendelea vilevile, mshukuru na umpe maji. Akipunguza kidogo, bila kuambiwa, bila kukuangalia, mwombe arudi Alhamisi.